Nilimwita Marehemu, Naye Yuko Langoni

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, simsingizii mtandao, wala joto la Guangzhou. Kidole kilichobonyeza ni hiki hapa, nakitazama ninapowaandikia. Jina langu silitaji, na mkinitambua, nawaomba mnyamaze.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, na mdomo ninao. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Nanunua viatu hapa Guangzhou, kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian, navituma nyumbani kwa kontena. Niliyemkosea nitamwita Beka. Ni kijana wa mtaani kwetu, amekuja kusoma kwa ufadhili. Mamake, nitamwita Bi Rukia, ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mahamri yake ndiyo yaliyonikuza mimi. Siku Beka aliposafiri, mama huyo alinipigia simu akaniambia: "Mwanangu, huko sina mtu ila wewe. Niangalizie."

Nikamwambia inshallah Bi Rukia, wewe lala usingizi.

Jamani, tazameni nilivyomwangalizia!

Beka alikuwa akiteleza na viatu vya magurudumu tangu yuko shule Nairobi. Alipofika huku akakuta jengo la maduka lina uwanja wa barafu ndani, akaingia, ndiyo ikawa basi. Mwalimu wao ni mzee wa Kichina kutoka kaskazini kwenye baridi, sote tunamwita Laoshi, yaani mwalimu. Wanacheza mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mpira wenyewe si mpira, ni kijisahani cheusi cha raba, na kikikupata utalijua jiji. Beka ndiye kipa. Mimi nilikwenda siku ya kwanza kumpelekea pilau tu, nikakaa kwenye benchi natetemeka, nikanogewa. Kucheza siwezi. Lakini kubishana? Nani ananiweza!

Kila Jumamosi baada ya mazoezi tulikuwa tunakula tambi kwa Mwislamu mmoja mkabala na jengo lile, na hapo ndipo mchezo wetu hasa ulipoanza. Tuliuita kikosi cha wakati wote. Kila mtu anapanga watu sita, kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, kutoka kwa wachezaji wa kale wa dunia nzima. Halafu tunavikutanisha kwa mdomo. Kikosi changu na chako vikiingia barafuni leo, nani anamfunga mwenzake? Sharti ni moja: mchezaji awe wa zamani. Anayecheza bado haruhusiwi. Na kwa kuwa majina yao ya Kirusi na ya Kicheki yanavunja taya, tuliwabandika ya kwetu. Kulikuwa na Msumeno, kulikuwa na Mzee wa Kona, na kipa wangu mimi nilimwita Bawabu.

Kikosi changu kilikuwa cha watu waliokwisha kufa, wote sita. Nilishikilia kwamba mchezaji aliye hai bado anaweza kukuaibisha. Beka yeye alipanga wastaafu walio hai. Basi vikosi vikapata majina, changu kikawa Marehemu na chake kikawa Wazee. "Dada, marehemu wako leo watazikwa mara ya pili!" Ndivyo alivyokuwa akinichokoza, na sote tunacheka. Tukazoea. Mtu akifungwa goli la kizembe tunamwita marehemu. Akichelewa kufika, marehemu. Neno likawa jepesi mdomoni, tukasahau kwamba nyumbani halitaniwi.

Sasa, Jumamosi hiyo ubishi uliwaka juu ya Bawabu. Zama zake makipa hawakuwa na kinyago, walisimama na sura zao hivyohivyo, wakipasuka wanashonwa, wanarudi langoni. Mimi nikasema huyo ndiye kipa. Beka akaweka vijiti vyake chini.

"Dada, Bawabu wako akikutana na mashuti ya siku hizi, hamalizi kipindi cha kwanza. Atatoka analia kwa mamake."

"Bawabu alidaka kwa uso!" nikamwambia. "Wewe umejifunga godoro mwili mzima na bado wanakutoboa kila wiki."

Meza nzima ikapiga kelele. Laoshi naye anacheka na hajui hata tunasema nini. Nikaona Beka amebadilika rangi.

"Wewe umewahi kusimama langoni wapi?" akasema. "Hata viatu vya barafu hujawahi kuvaa. Uza viatu vyako vya plastiki, Dada, haya tuachie wenyewe."

Viatu vya plastiki! Mbele za watu! Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi. Nami nikacheka, kwa nje. Ndani nilikuwa nachemka. Huyu mtoto nimempikia, nimempokea uwanja wa ndege na begi lake limekatika mkanda, leo ananivua nguo mezani?

Nikaaga, nasema nina mzigo wa kuangalia. Wao wakabaki, maana alasiri walikuwa na mechi na wageni.

Ndani ya metro nikatoa simu. Nilikuwa na picha ya Beka amevua kinyago, anatabasamu. Nikaifanya nyeusi na nyeupe. Nikaitia fremu, ile ya maua ambayo watu hutumia kutangaza msiba. Chini yake nikaandika: "Marehemu Beka. Ametutoka ghafla. Langoni hatuna mtu tena." Yaani nimemsajili kikosini kwangu, si kikosi changu hakiingii mtu mpaka afe? Nikaona nimetunga kweli! Nikaibandika kwenye stetasi, wenzetu wa tambi waione wamcheke.

Stetasi haichagui, ndugu zangu. Aliye na namba yako anaiona, awe Guangzhou, awe Mombasa. Nililijua hilo siku zote. Siku hiyo hasira ilinifanya mjinga.

Na mitandao yetu ya nyumbani haifunguki China bila VPN. Picha ilipokwisha kupanda tu, VPN ikakata. Sikujali. Nikashuka pale stesheni, nikaingia Zhanqian, nikaanza kuvutana na laoban mmoja, mwenye duka mwanamke, juu ya ndala za watoto. Mimi nataka za rangi, yeye kila rangi ninayotaja ananiambia meiyou, hakuna. Nilikuwa na furaha zangu. Nakumbuka nilikuwa hata naimbaimba.

Kisha VPN ikarudi yenyewe. Simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba, ikitulia inaanza tena. Nikasema haya, watu wa tambi wameiona. Nikaitoa huku nacheka.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana. Kijana mdogo hivi, Ya Allah! Nikaendelea kushuka. Mmoja wa mtaani kwetu ameandika: "Dada, maiti inakuja lini? Wewe mambo ya kusafirisha unayajua, tupe utaratibu."

Nilikaa juu ya robota la ndala, laoban ananiuliza kitu na mimi simsikii.

Nikampigia mdogo wangu, Zuhura, anayekaa nyumbani kwetu. Nyuma yake nikasikia vilio. Mjue, huku ilikuwa alasiri, kwao ni asubuhi. Wameamka na msiba niliowapelekea mimi.

"Zuhura, Beka mzima! Beka hajafa!"

"Dada, usitufiche. Si umeandika mwenyewe?"

"Ulikuwa mzaha! Mzaha wa mpira!"

Halafu akasema polepole, "Mzaha gani wa mpira una maiti?"

Nikamuuliza Bi Rukia yuko wapi.

"Ameanguka jikoni, mikono imejaa unga. Tuko naye hospitali. Presha haishuki, mdomo umekwenda upande, na analitaja jina la Beka tu. Kama mtoto yu hai tumsikie yeye. Si wewe, Dada. Yeye!"

Na simu ikakata.

Nikampigia Beka kwenye mtandao wa Wachina. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikampigia Laoshi, vilevile. Nikakumbuka mechi! Simu zao ziko kabatini, na wao wako barafuni. Nikaacha ndala, nikaacha mwavuli, nikakimbia. Pale Zhanqian wachukuzi wanapita na marobota wanapiga kelele watu wapishe, siku hiyo wao ndio walionipisha mimi.

Ndani ya metro nilisimama mlangoni nasema moyoni, asife. Mola wangu, mama wa watu asife kwa mdomo wangu. Kila stesheni milango inafunguka, watu wanaingia taratibu kama hakuna mtu anayekufa popote. Nilitamani kuwasukuma.

Nilipofika uwanjani mechi imepamba moto. Beka yuko langoni, kinyago usoni. Nikagonga kioo kilichozungushia barafu kwa viganja vyote viwili. Akaniona. Akainua gongo, akawaambia wenzake kwa sauti, "Dada amekuja kumwombea msamaha Bawabu!" Wakacheka. Nikapayuka jina lake, akatikisa kichwa. Alidhani bado tuko kwenye ule ugomvi wetu.

Basi nikafungua kijilango cha kuingilia barafuni, nikaingia. Na viatu vyangu vya sokoni! Hatua mbili tu, nikaanguka, mkono ukatangulia, nikasikia kifundo kimelia. Laoshi akapuliza filimbi. Kipenga kikanyamazisha uwanja mzima.

"Beka," nikamwambia pale chini, "mamako! Mamako anaambiwa umekufa!"

Akavua kinyago. Nikamweleza huku nalia, yote, na fremu ya maua. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alivua glavu akasema, "Piga."

Napiga kwa mkono mzima, na ile VPN inazunguka tu, inazunguka, inasema subiri. Beka amepiga magoti pembeni yangu, jasho linamtoka. Wageni wa watu wamesimama na magongo yao hawajui hili ni jambo gani. Ikakataa. Nikapiga tena. Ikashika!

Zuhura akatokea, akaigeuza simu kitandani. Bi Rukia kalala, nusu ya uso imelegea, unga bado umeganda kwenye kucha. Beka akasema, "Mama, ni mimi." Nikasikia mwanamke mmoja huko anasema, "Hiyo ni video ya zamani, mnamwongezea mama wa watu maumivu." Na mwingine: "Mbona kweupe hivyo? Yuko wapi huyo?" Kweli, nyuma yake ni barafu tupu, mavazi ya kipa meupe, na moshi unamtoka mdomoni kwa baridi. Bi Rukia anatazama, macho hayana habari.

Beka akaisogeza simu karibu kabisa na uso. Akasema, "Mama, koti nimevaa."

Ni hivi. Tangu aje China, mamake hakuwahi kumaliza simu bila kumuuliza, umevaa koti? Tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Bi Rukia aliposikia neno hilo jicho lake zima likajaa machozi, akajaribu kuinua mkono, na mkono haukuinuka.

Yu hai, alhamdulillahi. Kiharusi kilimwachia uhai, kikachukua mkono wa kushoto. Unga haukandi tena. Mahamri yaliyolisha mtaa mzima yamekwisha, kwa sababu mimi niliambiwa nauza viatu vya plastiki. Na kila asubuhi Beka lazima apige simu. Siku akichelewa, mamake anaanza kulia, anawaambia walioko kwamba wanamficha.

Nilimpigia kumwomba radhi. Nililia sana. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akaniambia kwa ule ulimi mzito, "Mwanangu, si nilikwambia uniangalizie?"

Kwenye tambi siendi. Zhanqian nikiona kijana kavaa ndala namwona Beka. Kifundo changu kimepona, kinauma tu nikishika mzigo, na naona ni haki. Beka nilimwandikia kila siku na hakujibu, mpaka juzi. Alijibu hivi, nanukuu kama ilivyo: "Dada, sina chuki na wewe. Marehemu sitakuita, neno hilo silitamki tena. Nimekuweka kwa wachezaji wa zamani."

Nimelisoma jibu hilo mpaka simu ikazima. Mwajua sharti letu. Mchezaji wa zamani unaweza kumsifu, unaweza kumpanga kikosini, lakini hachezi nawe tena.

Nyinyi mnaotaniana kwa misiba, mnaowatia wenzenu fremu za maua wapate kucheka, nawasihi, futeni. Futeni sasa hivi, kabla mamake hajaamka.