Wiki Mbili Nilizompa Dada

Tuelewane mapema: mimi sichukii paka. Nilichokichukia ni kuletewa paka katika nyumba ambayo tayari ina mbwa, na mbwa mwenyewe ni Bwana Afya.

Jina hilo alipewa na wateja wangu. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko mbele ya nyumba, na mbwa hushinda mlangoni. Hapiti pipa la taka bila kulikagua wala sufuria bila kuinusa, na akimaliza anakutazama kana kwamba atakuandikia barua ya onyo. Paka wa mtaa mzima wanamjua. Wakimwona wanapanda ukuta.

Dada yangu ni fundi wa makochi. Mama yetu alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na sita na mimi mitatu. Alinibeba mgongoni, akanifundisha kufunga vifungo, akanichapa kila nilipostahili, na siku mbili tatu ambazo sikustahili hata kidogo, naye anazikumbuka. Miaka miwili iliyopita alifiwa na mumewe, nikamwambia aje akae kwetu. Akaja na cherehani, mikasi na zile sindano zake zilizopinda, tukampa chumba cha uani, na uani kwenyewe akapanga kazi yake. Hakuwahi kuniomba kitu. Hata chumvi jikoni aliuliza kabla ya kuichukua. Mimi nikadhani ni adabu tu.

Basi siku moja akaenda kutengeneza viti vya daktari wa mifugo, akarudi na kikapu cha vipande vya sponji.

"Dada," nikamwambia, "hizo sponji zako zinalia nyau."

Akakiweka kikapu chini. Ndani kulikuwa na mtoto wa paka, wa kijivu, masikio makubwa kuliko akili.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuomba," akasema. "Tangu utotoni nimetaka paka. Nyumbani mama alikuwa na pumu. Nilipoolewa, mama mkwe hakutaka kumwona paka hata kwenye kalenda. Sasa nina miaka hamsini na sita. Namuomba huyu."

Mtu mwenye akili angesema ndiyo, mambo yakaisha. Mimi nikakunja mikono kifuani, nikasema, "Wiki mbili. Mpaka Jumamosi ile ya pili. Bwana Afya akimkubali, sawa. Akimkataa, paka anarudi kwa daktari."

"Sawa," Dada akasema. "Asante."

Mke wangu alisubiri mpaka Dada ametoka. "Umempa wifi yangu masharti? Wewe? Huna hata haya!" Nikamwambia mbwa ni wangu na nyumba ni yangu. Akasonya sonyo refu, nikaenda zangu kibandani.

Daktari alikuwa amempa Dada maelekezo, naye akayashika neno kwa neno. Paka alifungiwa chumbani kwake. Kitambaa alicholalia paka kikawekwa chini ya bakuli la mbwa, na kipande cha gunia alicholalia mbwa kikaenda kwa paka, wazoeane harufu kabla ya sura. Halafu likaja somo la mlango. Bwana Afya akisimama nje ya chumba akabweka, hapati kitu. Akikaa chini kimya, anapewa kipande cha nyama.

Siku tatu za kwanza, jamani! Alibweka mpaka nikashtuka na mashine mkononi, nikamnyoa mteja sharubu upande mmoja. Ikabidi nimtoe na wa pili, nikamwambia amekuwa kijana. Dada wala hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango, nyama kiganjani, akingoja. Siku ya nne mbwa akachoka kubweka, akakaa. Akapata nyama. Siku ya sita alikuwa akifika pale anakaa mwenyewe, mgongo umenyooka, udenda unamtoka, anamtazama Dada. Nyama kwenye sahani yangu zilipungua, na nilipolalamika mke wangu akaniambia nami nijifunze kukaa kimya.

Nitasema kweli: nilianza kuombea ishindikane, si kwa ubaya, ila nilishawatangazia wateja wote kwamba haiwezekani. Mdomo uliponza kichwa. Kinyozi akishasema jambo mbele ya kioo, analisikia mara mbili.

Ikafika Jumamosi ile ya pili. Ilipangwa wawili hao wakutane ana kwa ana kwa mara ya kwanza, mbwa akiwa kwenye kamba. Lakini asubuhi hiyo Dada alikuwa na kochi la mwenye duka la dawa, la watu watatu, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Alilipindua uani, akajaza sponji, akalifunga upande wa chini kwa kitambaa cheusi, akashona kwa ule mshono wake wa siri ambao hata ukiutafuta kwa miwani huuoni. Alipomaliza akaenda chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Paka hayupo.

Tulitafuta kila mahali. Mke wangu aliingia chini ya kitanda, mimi nikapanda juu ya tangi la maji na kitambi changu hiki. Halafu, Mungu anisamehe, nikamshika Bwana Afya nikamfungua mdomo nikachungulia. Dada aliniona. Alianza kukunja vile vitambaa vya kulalia, kimoja kimoja, akiviweka ndani ya kikapu. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Wakati huohuo mwenye duka la dawa akafika na wabeba mizigo wawili. Wakalishika kochi huku na huku. "Moja, mbili..."

Bwana Afya akaja akakaa mbele ya kochi.

"Ondoa mbwa, bwana," mbeba mizigo akasema. Nikamvuta. Akarudi akakaa palepale. Habweki, hanungʼuniki. Mgongo umenyooka, udenda chini, macho kwa Dada, anangoja nyama yake kama pale mlangoni kwa paka.

Dada akaachia kitambaa alichokuwa anakunja. "Liwekeni chini," akasema. "Taratibu! Taratibu, nimesema!"

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikalala kifudifudi mbele ya watu, sikio kwenye kitambaa cheusi. Mwanzo kimya. Kisha nikasikia ngurumo ndogo, ya mtu aliyelala raha mustarehe.

"Anakoroma!" nikapiga kelele. "Dada, umemshonea ndani!"

Akachukua mkasi, akaukata mshono wake mwenyewe kutoka mguu hadi mguu. Paka akatoka na manyoya yamejaa vumbi la sponji, akapiga mwayo, akatutazama kama sisi ndio tuliopotea. Kabla sijamshika mbwa, paka akamwendea, akamnusa, akamzaba kibao cha pua. Bwana Afya akapiga chafya. Kisha akamgeukia Dada: nyama yangu iko wapi? Mwenye duka la dawa alicheka mpaka akakalia kochi lake lililopasuka, akasema lishonwe upya, yeye hana haraka, ilimradi ahakikishiwe kwamba ndani hamna mwingine.

Tulicheka wote. Na katikati ya kicheko nikaona Dada amemtia paka kikapuni, amesimama mbele yangu, kikapu amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Leo ni Jumamosi," akasema. "Nangoja neno lako."

Alisimama kama wanavyosimama watu dirishani kwa karani, wakingoja muhuri. Huyu aliyenibeba mgongoni. Huyu aliyelala na njaa mimi nikashiba. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

"Dada," nikasema, "usiniulize tena. Hapa ni kwako. Nisamehe."

Alikaa juu ya kigoda chake, akalia, huku mke wangu amemshika bega na mbwa anakagua kikapu.

Jioni, jua bado halijazama, nilipita mlangoni kwake. Alikuwa anatoa nguo kwenye sanduku la safari na kuzipanga kabatini. Kabati lile nilimnunulia alipohamia. Mpaka jioni ile halikuwa na hata kitambaa kimoja ndani.

Nikamfuata mke wangu jikoni. "Ulijua kwamba muda wote huu nguo zake ziko kwenye sanduku?"

"Nilijua tangu mwezi ule aliohamia."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe humpi mtu nafasi ya kusema."

Nikarudi kwa Dada. Nilisimama mlangoni mpaka alipotundika gauni la mwisho, ndipo nikamuuliza kama naweza kulipeleka sanduku stoo.

"Lipeleke," akasema.