Sanduku la Kula

Mganga wa zahanati yetu alipopigilia lile sanduku ukutani, kando ya mlango wa chumba cha kujifungulia, sikulipenda. Lilikuwa la mbao, lina kufuli, na juu lina mdomo mwembamba wa kupitishia karatasi. Alikuwa ametoka semina ya kuboresha huduma huko Mwanza mjini, akatutangazia tuliokaa benchini: "Humu mtaweka maoni yenu. Msiogope."

Mtu akikuambia usiogope kabla hujaogopa, jiulize.

Jirani yangu, muuza dagaa, akaniinamia. "Sanduku la kula hilo."

"La kura au la kula?"

"Si ndiyo hiyo hiyo!"

Sisi Wasukuma ulimi wetu hauzitenganishi hizo mbili, lakini siku ile haukukosea. Vyama vingi vilikuwa vimeingia, na sanduku lenye mdomo tulilijua la kupigia kura tu. Nani anataka mganga ajue amepigia chama gani? Na kama ni la kula, basi litakula fedha zetu, maana dawa zilizokuwa bure tulikuwa tumeanza kuzilipia. Kila aliyepita alilikwepa kama mbwa mgeni.

Mganga akalifungua mbele yetu, akachungulia, akafurahi. "Hakuna malalamiko!"

Yalikuwepo. La kwangu lilikuwa nyumbani limeshika tumbo. Binti yangu wa mwisho alizalia uzazi wa kwanza nyumbani kwa mumewe, akahangaika mpaka mtoto akatoka hana pumzi. Sasa mimba ya pili ilikuwa imekomaa, na nesi alishamwambia wazi kwamba huyu asizaliwe nyumbani. Binti akagoma.

"Mama, siendi."

"Unataka kuzika tena?"

"Baba mkwe yuko pale benchini kila asubuhi."

Mkwewe alikuwa na kidonda cha mguu, anakwenda kusafishwa, na benchi la wagonjwa lilitazamana uso kwa uso na chumba cha kujifungulia. Mlango wenyewe pazia. Kwetu mkamwana hapiti ovyo hata mbele ya baba mkwe aliyekaa anakunywa uji. Sasa apite ameshika kiuno, anaguna, kanga imelowa? Wengi walikuwa wanazalia nyumbani kwa ajili ya benchi lile. Na hata anayejua kuandika hakuandika, kwa sababu jambo la mkwe haliandikwi.

Nikaenda kwa mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hamisha benchi lako."

Akacheka. Nilipomweleza akaacha kucheka, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Nani kakutuma, bibi? Wale wa barabarani?"

Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua hospitali, na moja ilishasimama barabarani, karibu yetu. Mganga aliiona kila kona, hata kwenye kanga yangu.

"Wanawake hawaji kwa sababu ya uhaba wa vifaa," akasema. "Nimeshaomba kitanda kipya."

"Kitanda kitamficha mkwe?"

"Kama ni kweli, mbona hamkuandika sandukuni?"

"Ufunguo anao nani?"

Akagusa mfuko wa koti lake. "Mimi."

"Basi jibu unalo mfukoni."

Tukatazamana, kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Mwishowe akasema atalihamishia benchi nyuma ya jengo, kwa majaribio tu. Wanawake wasipoongezeka, linarudi. Sikumwamini. Kesho yake nilikwenda kuangalia mwenyewe, nikalikuta kweli nyuma kule, wazee wananung'unika kwamba wametupwa juani. Mkwe alikuwa kati yao, mguu kaunyoosha.

Uchungu ulimshika binti asubuhi. Tulipokaribia, akasimama kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

"Hayupo?"

"Hayupo."

"Nenda wewe kwanza, mama."

Na yeye hakuniamini. Nikatangulia, nikachungulia kila pembe, nikamrudia. Ndipo akapita.

Mtoto alipiga kelele za mwenye deni na dunia. Leo kijana huyo akiingia kwangu anainama mlangoni, na mimi humwangalia nikashiba. Benchi halikurudi. Sanduku mganga aliling'oa kimyakimya. Alilipeleka wapi, sijui, na bado nataka kujua.

Siku ile aliyozaliwa, nyuma ya jengo nilisikia sauti ya baba mkwe: "Wa nani huyo anayelia?"

Nikazunguka. "Wako," nikamwambia.

Akashika mguu wake, akataka kusimama. "Mbona sikumwona mama yake akipita?"

"Hayakuhusu," nikasema. "Kaa hapo hapo."