Sakafu Isiyokunywa Maji

Baba alijenga nyumba yetu ya Kanduyi kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, akafa kabla ya kuweka sakafu. Mama akawa anapaka udongo wa chini samadi na majivu kila Ijumaa, mpaka naye akatuacha. Nilikuwa kidato cha pili. Baba mdogo, ambaye boma lake lilipakana na letu, aliwachukua ndugu yangu na dada yetu mdogo. Mimi nikarudisha vitabu vya shule na kwenda Kitale kutafuta kazi.

Niliipata katika duka la vigae. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu aliyezaliwa pale pale mjini, nasi wafanyakazi tulimwita Mzee tu. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi. Lakini anayepangusa vigae kutwa hujifunza kuvisoma, apende asipende. Nilijua kuviweka viwili uso kwa uso ili nione kama kuna kilichopinda. Nilijua namba ndogo iliyo ubavuni mwa katoni, kwamba ikitofautiana, rangi nayo itatofautiana, hata kama dukani macho hayaoni.

Mteja akiuliza tofauti ya kigae cha kawaida na cha poseleni, Mzee hakuwa na maelezo marefu. Aligeuza viwili, akamwaga chai yake kidogo migongoni. Cha kawaida kiliinywa mara moja likabaki doa. Kwenye poseleni chai ilikaa juu ikitetemeka kama maji kwenye jani la nduma.

"Hiki hakinywi," alisema. "Kama mimi."

Tuliicheka kila siku, kana kwamba ilikuwa mpya.

Kukata nilifundishwa naye, nyuma ya duka. Kigae cha kawaida unakikwaruza mstari na kukibonyeza, kinaachana. Poseleni haikubali hivyo. Inataka grinda yenye diski ya almasi, maji yakidondoka kutoka kwenye chupa uliyoitoboa kifuniko, na mkono usio na pupa. Unaanza na ule upande wa mwisho, unakata kidogo, ndipo unarudi kuanza mwanzo, maana ukikata moja kwa moja pembe ya mwisho inaruka. Nilivunja vingi. Mzee alivihesabu kimoyomoyo na hakuwahi kunitajia. Wateja nao walikuwa na maneno yao.

"Wee siste, niitie fundi bana, niko na haraka."

"Si ndiye huyo umesimama mbele yake?" Mzee alijibu bila kuinua uso. "Ama unataka mwenye ndevu?"

Nilikuwa nimekaa dukani miaka kadhaa dada yetu alipopata mchumba. Ujumbe ulikuja kwamba wazee wa upande wa mvulana watafika Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Kwetu msichana huombwa na kutolewa katika mlango wa baba yake. Ila nyumba ya baba ilikuwa na sakafu ya saruji mbaya tuliyoimwaga wenyewe mwaka uliotangulia, na ilikuwa imeanza kumeguka na kutoa vumbi. Nilipokwenda nyumbani kupanga mambo, baba mdogo alikuwa ameshalipima jambo hilo na kuamua.

"Wageni hawawezi kukanyaga vumbi," aliniambia. "Watakuja kwangu. Si ni kwenu pia?"

Alikuwa na haki. Ndiye aliyewalea. Lakini dada yetu alinifuata nje, akasema, "Dada, nikitokea kwake, itakuwa kama hatukuwa na nyumba."

Nilirudi kwa baba mdogo. "Baba, nipe mpaka Ijumaa. Sebule isipokuwa tayari, waje kwako."

Vigae nilikuwa navyo. Kwa mwaka mzima Mzee alikuwa ameniacha nichague katika mabaki, nami nilikuwa nangojea katoni za poseleni zenye namba moja tu, rangi ya mchanga wa mtoni, mpaka zikatosha sebule. Jumatatu ya wiki ya wageni niliziteremsha Kanduyi. Tulivuta waya wa umeme kutoka kwa jirani kwa ajili ya grinda. Ndugu yangu, aliyekuwa ameshanipita kwa kimo, alichanganya saruji. Mimi nililowesha vigae katika pipa usiku kucha, kama nilivyoona mafundi wote wakifanya. Jumanne tuliviweka katikati ya chumba, safu baada ya safu, tukiimba.

Jumatano asubuhi ndugu yangu aliingia, akakanyaga. Kigae kikacheza. Akainama, akakinyanyua kwa vidole viwili kama kifuniko cha sufuria.

"Dada, njoo uone."

Vyote vilikuwa hivyo. Chini yake saruji ilikuwa na utelezi wa maji. Nilichukua simu, ambayo wakati huo ilikuwa moja kwa boma lote, nikampigia Mzee.

"Ulivilowesha?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Si vigae hulowekwa?"

"Vinavyokunywa! Hivyo vyako yale maji yataenda wapi? Yamebaki mgongoni, saruji itashika nini? Wewe, miaka yote hii nilikuwa namwaga chai bure?"

Niliona aibu hata peke yangu na simu. Nilikuwa nimeliona jambo lile mara mia, nikalichukua kama njia ya kuchagulia tu, wala halikunijia kwamba lina habari pia ya kuwekea. Mzee aliponiachia nafasi ya kupumua alisema atanitumia mifuko ya gundi ya unga inayoshika poseleni kwa gari la asubuhi, na kwamba nivikwangue vyote, nivikaushe juani, nisimruhusu mtu kuvikanyaga mpaka kesho yake baada ya kuviweka.

Jumatano tulikwangua. Dada yetu alivipanga vigae nyasini vikiwa vimelala kifudifudi, nyumba ikawa kama imeanika nafaka. Gundi ilifika Alhamisi saa sita. Katikati tulimaliza jioni ile. Ijumaa zikabaki kingo.

Hapo ndipo nilipokutana na ukuta wa baba. Kwa macho ulikuwa umenyooka. Kwa kipimo, ulianza mlangoni ukiwa na nafasi ya kiganja kati yake na vigae, ukaishia dirishani ukiwa na nafasi ya vidole viwili. Hakuna vipande viwili vilivyofanana. Kila kimoja nilikipima, nikakichora kwa penseli, nikakikata kwa mshazari wake. Nilikuwa nimesahau sauti ya baba, lakini asubuhi ile nilikaa naye karibu kuliko siku nyingi.

Kipande cha mwisho kilikuwa kimeingia tu baba mdogo alipokuja. Aliinua mguu kizingitini.

"Usikanyage, baba!"

Sikuwahi kumkemea. Aliurudisha mguu taratibu, akabaki ameshika mwimo wa mlango, akitazama. Macho yake yalifuata vile vipande vilivyokuwa vikipungua kuelekea dirishani. Akaanza kucheka.

"Huu ukuta, kamba nilishika mimi. Nilimwambia, ndugu yangu, imepinda. Akasema, wacha, nani atakuja kupima?"

"Nimepima mimi," nilisema.

"Naona." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Kila mahali nilipochoka, naona."

Jumamosi wageni walifika mchana. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, maana katika mazungumzo yale binti hasemi, hata akiwa ndiye aliyekata vigae vya sakafu. Niliwasikia wakivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mzee wao mmoja alimshukuru baba mdogo kwa kuwapokea katika boma lake.

"Hapa si kwangu," baba mdogo akajibu. "Hapa ni kwa marehemu ndugu yangu. Mimi nimealikwa kama nyinyi. Mnaloliomba, mnaliomba kwake."

Mwanamke aliyekuwa akipakua wali karibu nami alisimamisha mwiko hewani, akanitazama. Niliinamia karai la vyombo.

Walipoondoka, viti tulivyoazima kanisani vilirudishwa, sebule ikabaki tupu. Tulikaa chini watatu, migongo ukutani, tukala kuku aliyebaki. Ndugu yangu alikuwa na gundi kavu kwenye nyusi. Dada yetu alijilaza, akaweka shavu juu ya kigae.

"Ni baridi," alisema, na hakuinuka.