Mkono Uliozoea Gia Huru

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilipewa kigingi cha mbao, kile cha kuweka nyuma ya gurudumu lori linaposimama mlimani, nikaambiwa nipande juu ya magunia ya kahawa. Utingo alianzia hapo. Msimamizi wa Magari, mtu mkali asiyetaka tone la dizeli lipotee, alitufundisha jambo moja kabla ya yote.

"Mlima umekula mafuta yako, mteremko uyarudishe. Ukifika juu, weka gia huru, liache lishuke lenyewe."

Gia huru ni pale injini inapokuwa haishiki magurudumu. Ni hatari, maana gari hubaki mikononi mwa breki peke yake, lakini sisi tuliona ndiyo udereva. Nilishuka hivyo kwenye malori ya kahawa, na hata nilipohamia mradi wa afya hapa Bukoba niliendelea kushuka hivyo.

Miaka yangu ya mwisho mradi ukaleta gari la umeme. Vijana huniuliza kama linafaa. Linafaa, ila lina visa. Halinywi mafuta, halidai oili, na abiria mgonjwa hatapiki kwa harufu ya moshi. Lakini kwa ukimya wake watu wa mtaa wetu wa Bilele hawakulisikia likija, nikawa napiga honi kama niko kwenye msafara wa harusi. Likisumbua, mafundi wetu wanafungua boneti, wanatikisa kichwa, wanafunga. Na umeme ukikatika mtaani, utakwenda na chaji uliyonayo.

Fundi aliyelileta alinionya. "Mzee, mteremkoni usitoe gia. Likiwa kwenye gia, mota inazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri. Ukiweka gia huru unautupa."

"Sawa, mwanangu," nikamjibu, huku moyoni nikisema, huyu ameanza kuendesha lini? Kichwa kilisikia, mkono ukaendelea na mambo yake.

Siku moja nilipeleka dawa Muleba betri ikiwa haijajaa, kwa sababu umeme ulikatika Bilele. Nilikuwa napanga kuchaji hukohuko. Kufika, nako hakuna umeme. Kabla sijazima gari, Muuguzi wa Zamu akaja mbio. Kulikuwa na mama aliyekwama katika uchungu, anahitaji upasuaji Bukoba, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumchukua mgonjwa mwingine.

"Baba, chaji inatosha?"

Nilitazama namba ya asilimia ya chaji kwenye dashibodi. Nilijua haitoshi. Kama ningesema ukweli, wangetafuta gari jingine hapo mjini. Lakini mimi ni dereva wa miaka mingi, na watu walikuwa wamesimama wananitazama.

"Inatosha," nikasema.

Tukaondoka. Kila kilima kilinyonya betri mbele ya macho yangu. Kila mteremko nikaweka gia huru na kukanyaga breki, nikidhani naokoa. Kabla ya Muhutwe, dashibodi ikawaka taa nyekundu.

"Hiyo taa ni ya nini?" Muuguzi akauliza. Nikamwambia amshike mama vizuri. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Waitu, Tata," yule mama akanong'ona kutoka kiti cha nyuma, akinisihi kwa Kihaya kama baba yake, "tufikishe."

Mteremkoni, bodaboda aliyebeba mikungu ya ndizi akayumba mbele yetu. Ili nimpite ilinibidi nirudishe gia. Nikampita, nikaondoa mguu kwenye pedali, na gari likaanza kujishika lenyewe. Namba ilisimama. Halafu ikapanda kwa moja.

Maneno ya fundi yalinirudia yote. Kutoka hapo sikugusa tena gia huru. Kemondo tukapita. Kwenye mpando wa mwisho tulikwenda polepole kiasi kwamba watembea kwa miguu walitupita, na Muuguzi alikuwa akisali kwa sauti. Tulipoingia getini mwa hospitali namba ilisoma mbili.

Mtoto wa kiume alizaliwa mzima, na mama akapona. Siku ya kuniaga, Mratibu wa Mradi alisimama akasema, "Mzee Ishengoma alitufundisha ujasiri." Walipiga makofi, nikapokea blanketi, nikashukuru kana kwamba ni kweli.

Sasa nimestaafu, napalilia migomba yangu. Gari lile bado linafanya kazi, na kijana anayeliendesha hushuka na gia. Ubaya ulikuwa wangu, mkono usiokubali kufundishwa na mdomo uliosema inatosha.

Yule mama alimpa mtoto jina langu. Juzi alikuja kunisalimu, akaniomba nimwandikie kisa cha safari ile, ili mwanawe akikua ajue ameitwa Ishengoma kwa sababu gani. Nimekiandika chote, pamoja na ule uongo wangu. Mtoto akitaka kulibadilisha jina, sitamlaumu.