Anageuza Kila Ngozi Akitafuta Chapa Yake

Saa moja na robo asubuhi, pikapu inamwaga ngozi mbichi kwenye ghala moja nje ya mji wa Thika. Wafanyakazi wanazitandaza na kuzinyunyizia chumvi haraka haraka. Emmah Waruguru hana haraka. Anageuza kila ngozi, manyoya juu, kisha anapapasa paja la kushoto.

"Huyu mama anatuchelewesha," analalamika msimamizi wake, Ouma. "Anakagua ngozi kama trafiki."

Emmah, 46, hacheki. Miaka minne iliyopita alikuwa mfugaji Laikipia, na ng'ombe kumi na mmoja ndio waliosomesha watoto wake. Majangili walipovamia kijiji wakifyatua risasi, alikimbia na watoto watatu. Mumewe, Muriithi, alikuwa ameshafariki. Shemeji yake, Njau, ndiye aliyebaki bomani.

Kesho yake Njau alipiga simu: mifugo yote imebebwa. Tangu hapo, kila Emmah akitaka kurudi, anaambiwa bado ni hatari. Sasa anaishi chumba kimoja mtaani Gitothua kwa kibarua cha shilingi 600 kwa siku, na maziwa ananunua ya pakiti.

"Niliamini. Ukisikia bunduki, utabisha na nani?"

Wiki jana aligeuza ngozi nyeupe akakuta herufi EM, chapa ya boma lake, zimepigwa kichwa chini. Kosa lilikuwa la Muriithi. Ndama wao Keru alimpiga teke, naye kwa hasira akashika chuma cha chapa vibaya.

"Hiyo siku tulicheka mpaka machozi. Ng'ombe kama huyo ni mmoja tu."

Emmah alifunga safari hadi kichinjio kilicholeta ngozi ile, akaomba kuona kibali cha kusafirisha mifugo. Muuzaji: Zacharia Njau. Tarehe ni ya mwezi huu.

Huenda Keru alitoroka majangili akarudi nyumbani. Huenda. Mwandishi wa makala haya alimpigia Njau simu. Alisikiliza swali lote, akakata.

"Pengine wale kumi bado wako kwa hiyo boma yangu," anasema Emmah. "Ama nakosea, Ngai anisamehe. Lakini miaka minne nimeogopa majangili, kumbe labda nilipaswa kuogopa simu."

Jumamosi anakwenda Laikipia, na Njau hajaambiwa. Ouma amemruhusu kukata kipande chenye chapa, naye amekifunga kwa gazeti.

"Sitagombana. Tukinywa chai nitakiweka hapo mezani, nimwambie: shemeji, hebu nisomee."