Mwalimu Aliyeingia Kwenye Mfumo

Juzi nilipanga foleni kwenye kituo kimoja cha afya huku Ngara. Mbele yangu alisimama mwalimu wa kompyuta, mama wa makamo. Alipofika dirishani alimwambia karani kwa sauti ya chini, "Habari za kazi. Nimeingia kwenye mfumo wenu."

Karani akafunika skrini kwa kiganja. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ndilo lililonileta. Mfumo wenyewe haukuniuliza ruhusa wala nywila."

Akaeleza kwamba alipotafuta majibu ya vipimo vyake kwenye simu alikosea tarakimu moja ya namba ya kadi, yakafunguka ya jirani yake. Akajaribu namba ya mumewe, kwa idhini ya mumewe. Nayo yakafunguka.

"Sasa unataka nini?"

"Muufunge mfumo. Tangu jana nashindwa kumtazama jirani usoni."

Karani akamwita mlinzi. Bahati nzuri mganga mkuu alitangulia kufika, akasikiliza, akajaribu namba ya kadi yake mwenyewe kwenye simu ya mwalimu. Alipoyaona majibu yake aliamuru mfumo uzimwe na wagonjwa waandikwe kwenye daftari.

Kazi ikawa ya kobe. Sote tukamnunia mwalimu, si waliouacha mlango wazi. Mimi nilinuna kuliko wote, mpaka nilipokumbuka kwamba majibu yangu nayo yalikuwa humo.