Keki ya Mama Mkwe

Mdogo wangu aliolewa wakati sukari na unga wa ngano vinapatikana kwa foleni tu, pale duka la ushirika Temeke. Mpishi wa keki katika ukoo wetu ni mimi, na nasema bila haya kuwa hakuna aliyenizidi kuoka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Lakini vitu tulivyopata vilitosha keki moja, na ukweni walikwisha kuambiwa ziko tatu.

Mama alitaka tuseme ukweli. Nikamkatalia. Nilichukua maboksi mawili ya sabuni, nikayashindilia pumba yasibonyee, juu yake nikaweka keki ya kweli. Sukari iliyobaki niliitwanga, nikaichekecha kwa kitambaa, nikaikoroga na ute wa mayai na ndimu, nikapaka zote tatu zikawa nyeupe pee. Maharusi watakata ya juu, basi. Nani atajua?

Wakakata, wakalishana, nikashusha pumzi. Ndipo mshereheshaji akatangaza kuwa sasa bibi harusi atamkabidhi mama mkwe keki yake nzima, aende nayo nyumbani. Desturi hiyo naijua tangu utotoni, ila kwa kuhangaikia sukari niliisahau kabisa. Mdogo wangu, ambaye hakujua lolote, akabeba boksi la sabuni kwa mikono miwili na kupiga magoti. Vigelegele vikapigwa.

Siku tatu kila hodi ilipopigwa nilikimbilia mlangoni kabla ya wengine. Nilijua huko Mbagala, kwa mama mkwe, kisu kitakutana na pumba, na mdogo wangu ataitwa mtoto wa matapeli mpaka azeeke. Mama hakunigombeza, na hilo lilinikera zaidi.

Siku ya nne mama mkwe akaja na binti zake wawili. Tukamwamkia, akaketi mkekani. Binti zake wakaanza kumlalamikia kwa utani, eti keki yote kawapelekea akina mama wa kanisani, wao hawakuonja hata makombo. Yeye akacheka tu, akasema wenzake wameisifu sana.

Nikakimbilia jikoni. Akanifuata, akasimama karibu yangu.

"Nilifungua peke yangu, mlango nimefunga," alisema kwa sauti ya chini. "Yule sasa mwanangu. Sitaki achekwe."

Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi, kwa jinsi mzigo ulivyonitoka kifuani. Akanipa kanga yake nijifute, akarudi mkekani kunywa chai isiyo na sukari.

Mdogo wangu aliishi naye nyumba moja miaka mingi. Waligombana kama watu wanavyogombana, kuhusu chumvi, kuhusu watoto, lakini habari ya lile boksi hakuisikia kwake hata siku moja.